Ingobyi Haishushwi Njiani

Mguu wa mama yangu umenigharimu milioni moja, laki nane na elfu arobaini. Nimehesabu mara mbili, na mara ya pili nilihakikisha nimeshiba kwanza, maana mwenye njaa huhesabu kwa uchungu. Humo kuna upasuaji, vyuma, dawa, gari la kwenda na kurudi Kasulu, fremu ya kutembelea, kiti cha choo, na belo la mashuka nililoliuza kwa hasara ili pesa ipatikane siku ileile. Humo hakuna pipa la pombe ya ndizi wala mbuzi dume mmoja. Hivyo viwili bado sijavilipa. Hivyo ni faini, na kosa langu ni kumfanya mama yangu atembee.

Sijakosea kuandika. Ndivyo ilivyo.

Mimi ni muuza mitumba pale Kasulu. Mama anakaa Kitahana, upande wa Kibondo, juu kabisa ya kilima, kwenye nyumba ambayo marehemu baba aliijenga huko kwa sababu alisema wezi ni watu wavivu. Kweli, hatujawahi kuibiwa. Lakini na gari halijawahi kufika. Lami inapita chini, kilima kinabaki kilima, na mtu akiugua huko juu hushushwa na ingobyi.

Ingobyi ni kitanda cha mianzi kilichosukwa, chenye mipini miwili mirefu, kinachobebwa mabegani na wanaume wanne huku wengine wanne wakifuata kupokezana. Wazazi wetu walivuka nacho kutoka Burundi, kama walivyovuka na sufuria na nyimbo za kanisani. Kila kaya ya kilima kile imo kwenye chama cha ingobyi. Unatoa mwanamume wa kubeba, na kama huna mwanamume unatoa kuni au pesa. Ukiugua, unabebwa. Ukifa, unabebwa. Asiye mwanachama anajua mwenyewe atakavyofika makaburini.

Siku mama alipoanguka, chama kilinifurahisha. Aliteleza kwenye tope la mlango wa jiko akimfukuza kuku wa jirani. Kuku hakuumia. Mama hakuweza kuinuka, na mguu wa kulia ulilala umegeuka nje kama si wake. Wale wanaume walimshusha hadi barabarani bila kumtikisa, wakimwimbia, na hakuna aliyeomba hata maji. Nasema hili mapema ili mtu asije akasema sina shukrani. Shukrani ninayo. Ninachotaka kusema kinaanzia baadaye.

Kasulu walimpiga picha, wakakuta nyonga imevunjika, wakamfanyia upasuaji na kuufunga mfupa kwa chuma. Asubuhi iliyofuata, wakati mimi najua kazi ya siku ile ni uji na pole, aliingia kijana wa mazoezi ya viungo. Ni mtu wa Tanga, amepangiwa kazi huku, na Kiswahili chake kinateleza kama kimepakwa mafuta.

"Shikamoo bibi. Leo tunasimama."

"Marahaba," mama akamjibu. "Simama wewe, mimi nitakuangalia."

"Tunasimama sote."

"Mimi nimekatwa jana. Wewe umekatwa wapi?"

Kijana akacheka, lakini mikono yake haikucheka. Tayari ilikuwa imeshika fremu. "Bibi, mfupa tumeshaufunga. Mfupa si tatizo tena. Tatizo sasa ni hili godoro. Mzee akivunjika nyonga akalala tu, kifua kinajaa, damu inaganda, mgongo unatoka vidonda. Godoro linamaliza wazee, si nyonga."

Mama akanigeukia. "Muulize kama godoro ni lao au ni letu."

Alisimama. Alilia, akamshika kijana shati, akamtukana kwa Kirundi matusi ambayo mimi mwenyewe, na umri huu, sikujua kwamba anayajua.

"Anasema nini?" kijana akaniuliza.

"Anakushukuru."

Tulipotoka hospitali alinipa masharti. Asikae kwenye kigoda, akae kwenye kiti kirefu. Asichuchumae, apate kiti cha choo. Na atembee: kitandani hadi mlangoni, mlangoni hadi uani, kila siku azidishe kidogo, hata akilia. "Hasa akilia," alisema. Turudi baada ya wiki sita.

Fremu ya dukani niliisikia bei yake nikatoka bila kuaga. Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea vyuma, nikamwonyesha picha kwenye simu. Akauliza ni kitanda cha mtoto au ni kizimba. Nikamwambia ni ya bibi aliyevunjika nyonga. Hapo akapandisha bei.

"Kitu cha mgonjwa hakipunguzwi, dada. Ni mkosi."

"Mkosi kwa nani?"

"Kwa mgonjwa."

"Basi punguza, mkosi nitabeba mimi."

Tulibishana hadi mteja mwingine akaondoka, na hilo ndilo lililomshusha bei. Miguuni akaifunga soli za kandambili za tairi isiteleze kwenye udongo mwekundu. Ilikuwa fremu nzito lakini ya kweli. Niliipenda kuliko vitu vyangu vingi.

Tulipofika chini ya kilima, walikuwa wanasubiri: wanaume wanane na ingobyi, mipini imefutwa inang'aa. Mama aliingia humo kama bibi harusi. Mimi nikabeba fremu nyuma. Siku ile sikusema kitu, maana kilima kile hata mimi na nyonga zangu mbili nzima kinanitoa ulimi. Nikamkabidhi wifi yangu, mke wa kaka, anayekaa nyumba ya pili. Nikamweleza masharti yote, nikayarudia. Nikarudi Kasulu kwenye belo zangu.

Nikawa napiga simu.

"Wifi, mama anaendeleaje?"

"Hajambo kabisa. Leo alikuwa kanisani."

"Ametembea?"

"Atembee kwa nini, wifi, na watu wapo?"

"Na fremu?"

"Ipo. Inatusaidia sana. Tunaanikia nepi."

Nilidhani ananitania, kwa kuwa huyu wifi yangu ni mtu wa utani. Kumbe alikuwa anatoa taarifa.

Wiki sita zilipotimia walimshusha tena, nami nikampeleka kwa yule kijana. Akampandisha kanga. Paja la kulia lilikuwa limekwisha, limebaki kama mpini wa jembe, na kisiginoni kulikuwa na kidonda cha kulalia ambacho hakuna aliyenitajia.

"Bibi, umekuwa ukienda-enda?"

"Sana," mama akasema. "Kanisani kila Jumapili. Sokoni. Msibani nimekwenda mara mbili."

Kijana akafurahi. Akamwambia asimame basi tuone. Mama akasimama na hapohapo akamwangukia kifuani kama gunia lililokatika kamba.

"Sasa msibani ulikwendaje?"

"Kwa ingobyi. Wewe ulifikiri mimi ni mtu wa kwenda msibani kwa miguu?"

Alinivuta nje. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Dada, mguu huu unasahau kazi. Ukipotea mwezi mwingine kama huu, mama yako ni wa kitandani. Na mzee wa kitandani, safari yake unaijua wewe mwenyewe."

Nilikaa kwenye benchi pale nje nikaanza kuhesabu. Nilitoa belo la mashuka. Nilibishana na fundi hadi koo likakauka. Kumbe kilima kizima, kwa upendo wao na nyimbo zao, walikuwa wanambeba mama yangu kumpeleka kaburini, na kila Jumapili wanamsogeza kidogo.

Njiani kurudi nilimwambia mama: kuanzia leo hakuna kubebwa.

"Oya," akasema. Hapana. "Baba yako alibeba watu wa kilima kile hadi bega likaota sugu kama la ng'ombe wa plau. Mimi nimetoa kuni miaka yote ya ujane wangu, hata mwaka wa njaa. Nimewahi kubebwa? Kwenda kuwazaa nyie wote nilitembea. Sasa zamu yangu imefika, wewe unataka niwasamehe?"

Hapo alinibana. Ningekuwa mimi nimewekeza miaka yote hiyo, nami ningedai hadi senti ya mwisho. Nimezaliwa na huyu mama, sikuokotwa.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa chama. Ni mzee mpole, na hilo ndilo linalokera, maana mtu mpole huwezi kumgombeza ukapata raha. Akanikaribisha, akanipa ndizi za kuchoma, akanisikiliza hadi mwisho.

"Binti yangu," akasema, "mukecuru wetu, bibi wa watu, akionekana anajikokota njiani na ingobyi ipo, watu watasema nini? Watasema tumemchoka."

"Waseme. Daktari amesema asipotembea atakufa."

"Akifa tutambeba."

Alisema hivyo kunifariji.

Nikaanza kupatana naye, maana ndiyo kazi ninayoiweza. Nikasema mbebeni nusu ya njia, nusu atembee. Akatikisa kichwa. Robo atembee? Akatikisa. Kutoka kwenye ule mti wa karibu na kanisa tu?

"Si suala la kipimo, binti. Ingobyi haishushwi njiani. Ikigusa ardhi kabla ya kufika, aliyemo ni maiti. Ndivyo tulivyoikuta, ng'ambo na hapa. Mgonjwa anatoka kwenye ingobyi kwa njia mbili: afe, au asimame mbele ya chama aseme nimepona."

"Basi mama aseme amepona."

"Mwambie aseme."

Nikamwambia mama. Mama akageukia ukutani, akajifunika shuka nililomnunulia mimi.

Jumapili nikaamka na hasira iliyokwisha kupangwa. Nikaondoa nepi kwenye fremu, nikatangulia nayo hadi mahali njia inapobanwa, huku migomba, huku korongo. Nikaisimamisha katikati ya njia, nikasimama nyuma yake. Wakaja wanaimba, mama juu, kitambaa cheupe kichwani, akina mama wa kanisa nyuma yao.

"Dada, tupishe," akasema aliyekuwa mbele kulia.

"Shusheni."

"Haishushwi."

"Basi tusimame."

Kugeuka hawawezi, njia haitoshi. Kupokezana hawawezi, wenzao wako nyuma ya akina mama. Kunisukuma mwanamke wa watu korongoni, na ni Jumapili, nayo hawawezi. Mimi nimesimama juani na mali sokoni tangu nikiwa msichana, nikingoja mteja aliyesema "narudi sasa hivi". Mabega yao hayakuwahi kufanya kazi hiyo. Nikaona jasho linaanza. Nikaona magoti.

"Kuna nini huko chini?" mama akauliza kutoka juu. "Mbona hatuendi?"

"Ni binti yako, mukecuru."

"Mpiteni juu!"

Wa mbele kulia ndiye aliyeanza kulegea. Bega likashuka, ingobyi ikainama, wenzake wakafuata kwa kuogopa kumwaga mzee wa watu, na taratibu kabisa, kama mtu anayeweka mayai, wakaiweka chini.

Halafu nyuma kabisa, bibi mmoja ambaye hakuwa anaona vizuri kilichotokea, aliona tu ingobyi imegusa ardhi, akapiga kilio. Kilio cha msiba, kile cha mikono kichwani. Wenzake wakakipokea. Kwenye migomba juu mtu akaitikia, na nyumba ya pili ikaitikia ile ya kwanza, hadi kilima chote kikawa kinamlilia mama yangu.

Mama akainua kichwa. "Nani kafa?"

"Wewe," mmoja wa wabebaji akamjibu, kwa heshima zote.

"Mimi?"

Sikumvuta mkono. Kijana wa Tanga alikataza kuvuta. Nilisogeza tu ile fremu karibu. Mama akashika mianzi, akashika chuma, akajikaza. Nikaliona lile paja jembamba linatetemeka ndani ya kitenge, midomo imemkauka, na sikujua kama ataanguka. Hakuanguka. Alisimama mwenyewe, akamtazama yule bibi aliyekuwa akilia, akamwambia, "Nyamaza! Siku yako nitalia mimi, na nitalia vizuri kuliko hivyo."

Halafu akanigeukia. Yale aliyoniambia yanabaki kati yangu naye na wale watu wote waliosikia.

Akatembea. Hakuwa na njia nyingine: kurudi kwenye ingobyi ni kukubali kwamba ni maiti, na kubaki palepale ni jua. Alisukuma fremu, akavuta mguu, akapumzika, akatukana, akasukuma tena. Watu walimfuata nyuma polepole, wamebeba ingobyi tupu, hakuna aliyethubutu kumpita. Tulipofika kanisani, mchungaji alikuwa ameshawaombea wafiwa. Mama akaenda hadi benchi la mbele, akakaa wima, na ibada ikabidi irudi nyuma kidogo.

Tangu siku hiyo mama haongei nami. Anatembea. Kila siku anachukua fremu na kwenda nyumba kwa nyumba kueleza mtoto wake alivyomshusha njiani kama mzoga. Nyumba za karibu zilipokwisha alianza za mbali, halafu akapanda upande wa pili wa kilima ambako kuna ndugu wa baba hawajaisikia vizuri. Wifi amepewa kazi ya kubeba kiti kirefu nyuma yake, maana kwenye vigoda vya watu hakai. Hilo sharti amelishika. Kidonda cha kisigino kimefunga. Nilipompeleka tena Kasulu, amekaa kwenye gari amenipa mgongo, kijana alimpima paja akafurahi kwelikweli.

"Bibi, unafanya zoezi gani?"

"Namshtaki huyu."

"Endelea hivyohivyo," kijana akasema.

Chama nacho kiliketi. Mama alikwenda kwenye kikao kwa miguu yake, akatoa ushahidi dhidi yangu akiwa amesimama. Hukumu: pipa moja la pombe ya ndizi na mbuzi dume, kwa kushusha ingobyi yenye mtu hai. Nisipolipa, kaya yetu inafutwa. Nami niliomba nafasi nikatoa hesabu yangu: mmemlaza mama yangu wiki sita, mmemla paja, mmempa kidonda, ninyi mnanidai mbuzi, mimi nawadai nyama ya mtu. Wazee wakanitazama kama wanavyomtazama mtoto anayeongea usingizini. Mwenyekiti akanisindikiza hadi njia panda na kunipa ndizi za kwenda nazo.

Mama ametuma neno kwa wifi. Nikilipa, siku hiyohiyo atasimama mbele ya chama na kusema amepona. Nisipolipa, na yeye akifa, ataletewa vibarua wa kukodi wambebe kama viazi, na hatanisamehe huko atakakokuwa. Najua atatimiza.

Mbuzi si kitu. Mbuzi nitapatana, nitampata mwenye kilema cha sikio. Kinachonikaba ni kingine. Yule bibi aliyepiga kilio ameanguka kando ya kisima juma lililopita. Nyonga. Wamemshusha kwa nyimbo, amefanyiwa upasuaji, anarudi wiki ijayo. Wifi ananiambia wanaume wameshafuta mipini. Nikilipa ile faini, nimekubali mbele ya kilima kizima kwamba kumtembeza mgonjwa ni kosa, na hakuna mtoto wa yule bibi atakayethubutu kusimama njiani. Watambeba kwa upendo wote hadi kisigino kioze. Nisipolipa, namzika mama yangu kwa aibu, siku itakapofika.

Nimehesabu upande huu, nimehesabu upande ule, na nimerudia. Kwa mara ya kwanza tangu nianze biashara, hesabu mbili zimenipa jibu moja, hasara, na jibu lenyewe silitaki. Wewe unayesoma, kama kwenu mnabebana, au kama umewahi kumshusha mtu wako njiani ili aishi, niambie: nilipe au nisilipe? Na uniambie kabla ya wiki ijayo, kabla bibi yule hajafika barabarani.